Nguo Nyeupe na Mvaaji Wake

Katika rangi zote ambazo binadamu huvaa, hakuna iliyo ngumu kutunzwa kama nyeupe. Nguo nyeusi husitiri, nguo ya kijani husamehe, na nguo ya maua huficha doa katikati ya maua yake. Lakini nguo nyeupe haina siri. Tone la chai, vumbi la njia, wino wa kalamu na jasho la mchana mmoja, vyote huandikwa juu yake kama maneno juu ya karatasi, na kila apitaye huyasoma. Hata hivyo, watu wa mataifa mengi waliichagua iwe nguo ya siku kubwa. Nyeupe ni kanzu ya Idi, nyeupe ni shela ya bibi arusi, nyeupe ni koti la daktari, na nyeupe ni sanda ambayo wengi wetu tutazikwa nayo. Heshima ya nguo hii hainunuliwi dukani pamoja na nguo yenyewe. Hununuliwa kila siku kwa kazi.

Ndugu msomaji, yamkini wewe mwenyewe unayo nguo moja nyeupe au mbili. Shule nyingi za Kenya huwataka wanafunzi wavae shati jeupe, na nyingine huwataka wawe na fulana nyeupe ya michezo. Siku ya kununuliwa, fulana hiyo hung'aa hata ikaumiza jicho juani. Itazame baada ya muhula mmoja, huenda usiitambue. Shingo imekuwa ya manjano, makwapa yamekuwa ya hudhurungi, na mahali palipobaki pameshika rangi ya majivu. Mama humlaumu mtoto, mtoto huilaumu sabuni, na sabuni haina kinywa cha kujitetea. Nataka tuzungumze juu ya jambo hili kwa kuwa laonekana dogo, na dogo silo. Nimeona nguo nyeupe ikimpandisha mtu na nimeiona ikimshusha. Na mara nyingi aliyepandishwa hakustahili, na aliyeshushwa hakukosa.

Adui za nguo nyeupe ni watatu: mwili, udongo na maji. Wawili wa kwanza hutajwa na kila mtu. Wa tatu hudhaniwa kuwa rafiki, na kwa hiyo huweza kudhuru kuliko wenzake.

Mwili wa binadamu hutoa jasho na mafuta usiku na mchana. Jasho jipya halina rangi, na mafuta ya ngozi hayaonekani yanapoingia katika uzi wa pamba. Lakini mafuta yakikaa katika nguo huungana na hewa, kama mafuta ya kupikia yanavyochacha katika chupa iliyoachwa wazi, nayo hugeuka manjano. Ndiyo sababu fulana iliyovaliwa mara moja, ikakunjwa na kutiwa sandukuni kwa kuwa "bado ni safi", hutoka na shingo ya manjano mwisho wa likizo. Haikuchafukia sandukuni, iliingia na uchafu wake. Makwapani jambo hili ni zito zaidi kwa wale watumiao dawa za kuzuia jasho, kwa kuwa nyingi kati ya dawa hizo zina chumvi za alumini, ambazo zikikutana na jasho huacha doa gumu la manjano.

Tiba ya adui huyu ni kumwahi. Nguo iliyovaliwa leo na ifuliwe leo, au angalau ilowekwe leo. Itie katika maji ya uvuguvugu, uipake sabuni shingoni na makwapani, uiache kwa muda wa nusu saa, kisha uifikiche kwa mikono. Kabla ya kuipiga pasi itazame vizuri mwangani. Doa lililobaki likipigwa pasi hupikwa, na doa lililopikwa halina safari tena. Limekwisha kuwa mwenyeji. Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nguo nyeupe ufa ni wa dakika kumi jioni, na ukuta ni wa kununua fulana nyingine.

Udongo nao una desturi zake. Watu wa Murang'a, Nyeri na Kisii wanaujua sana udongo mwekundu, ambao wekundu wake watokana na madini ya chuma yaliyoungana na hewa. Kwa hiyo udongo huo ni ndugu wa kutu. Mfinyanzi husema, "Udongo upatilize ungali maji." Dobi husema kinyume chake: tope lililorukia nguo nyeupe liache likauke. Ukilisugua likiwa bichi unalisukuma ndani ya uzi. Likikauka, likung'ute na kulipangusa kwa burashi kavu, na sehemu kubwa itaanguka kabla nguo haijaona maji. Damu nayo haitaki maji ya moto hata kidogo. Joto huigandisha katika nguo kama ligandishavyo yai katika kikaango. Maji baridi ndiyo yanayoitoa, nayo yatumiwe mara moja. Doa la kutu hupakwa maji ya ndimu na chumvi, nguo ikaachwa juani, kisha ikasuuzwa. Kila doa lina mlango wake wa kutokea, na mwenye kubisha mlango usio wake hujichosha bure.

Sasa nimefika kwa adui wa tatu, na hapa nina kisa.

Nilisoma pwani, katika shule ambayo sitaitaja, pamoja na kijana mmoja ambaye pia sitamtaja jina. Baba yake alikuwa mvuvi, na mama yake aliuza vitumbua. Alikuwa na shati moja la shule. Kila Jumatatu asubuhi tulipanga mistari uwanjani, na mwalimu wa zamu alipita akitukagua kucha, nywele na mavazi. Waliokuwa na nguo nyeupe walikwenda darasani. Waliokuwa na nguo zilizofifia walisimamishwa kando mbele ya shule nzima, wakaitwa wachafu. Kijana yule alisimama katika mstari huo wiki baada ya wiki, kwa sababu shati lake lilikuwa la kijivu.

Wala hakuwa mvivu. Nyumba yetu ilikuwa jirani na yao, na niliyaona kwa macho yangu. Shati lilifuliwa kila jioni kwa maji ya kisima na mche wa sabuni, likaanikwa karibu na jiko ili lipate kukauka kabla ya alfajiri. Lilipotoka la kijivu, mama yake aliongeza sabuni. Lilipozidi kuwa la kijivu, aliongeza tena, na kijana akasugua hata vidole vikachubuka. Kadiri walivyosugua ndivyo shati lilivyozidi kufifia na kukakamaa kama turubai. Masika yalipoingia walianza kukinga maji ya mvua chini ya paa, na katika majuma machache shati likaanza kurudi weupe. Mwalimu alimsifu mbele yetu kwamba sasa ameacha uvivu na kushika adabu. Mvua zilipokwisha wakarudi kisimani, shati likarudi katika kijivu chake, na kijana akarudi katika mstari wa wachafu. Ndipo alipoanza kukosa shule siku za Jumatatu. Baadaye Jumatatu ikazaa Jumanne, na kabla ya mwaka kwisha hatukumwona tena. Sisemi kwamba ni shati peke yake lililomwondoa, maana umaskini una mikono mingi. Nasema kwamba shati lilikuwa mkono mmojawapo, na mkono huo ungaliweza kuzuiwa kwa maarifa madogo na gharama ndogo.

Maarifa yenyewe niliyapata baadaye katika somo la kemia. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa iliyojengwa na viumbe vya baharini katika maelfu ya miaka. Maji ya visima vilivyochimbwa katika mwamba huo huyeyusha chokaa kidogo kidogo na kuibeba. Maji ya namna hii huitwa maji magumu. Ukiyatazama katika bilauri utayaona meupe kabisa, wala hutashuku lolote. Lakini sabuni ya mche ikiingia ndani yake, kalisiamu na magnesiamu zilizomo huikamata kabla haijatoa povu, zikaigeuza kuwa utando usioyeyuka. Utando huo hung'ang'ania nyuzi za nguo, nao hushika vumbi na mafuta. Na kila mfuaji anapoongeza sabuni huwa anaongeza utando. Naam, kijivu cha shati lile hakikuwa uchafu. Kilikuwa sabuni. Mama yule alikuwa akilipaka shati la mwanawe jitihada yake mwenyewe siku baada ya siku, na shule ikaiita jitihada hiyo uvivu.

Dawa ya jambo hili imo nchini mwetu. Katika kaunti ya Kajiado liko Ziwa Magadi, na magadi yake yamechimbwa kwa biashara tangu mwanzo wa karne ya 20. Bibi zetu hutia magadi chunguni ili maharagwe yaive upesi. Kiwandani husafishwa yakawa unga mweupe unaotumika katika kutengeneza vioo na sabuni za unga. Kijiko kimoja au viwili vya magadi ya kufulia, vikikorogwa katika ndoo ya maji magumu kabla ya sabuni kutiwa, huikamata chokaa na kuiacha sabuni huru ifanye kazi yake. Yatumie kwa pamba wala si kwa hariri au sufu, na usuuze mikono yako baadaye, kwa kuwa ni makali kwa ngozi. Asiye na magadi na akinge maji ya mvua, maana mvua haikupita mwambani. Nyanya yangu, ambaye hakusoma kemia hata siku moja, alikuwa na pipa la maji ya mvua ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuchota ila kwa ajili ya kanzu za babu. Sisi wajukuu tulidhani ni ubahili. Kumbe ilikuwa elimu. Ni kweli kwamba sabuni nyingi za unga za siku hizi zimetengenezwa zisishikwe na chokaa kwa urahisi, lakini mche wa sabuni ungali rafiki wa mfuko mdogo, na visima vya matumbawe vingali mahali pake.

Labda utasema, "Kwa nini taabu yote hii, na dukani kuna chupa ya dawa ya klorini iondoayo kila doa?" Swali hili lina historia. Zamani huko Ulaya vitambaa vya kitani vilitandazwa majanini kwa majuma na miezi, vikitiwa maji na kuachwa juani mpaka viwe vyeupe. Mwaka 1774 Carl Wilhelm Scheele, mwanakemia wa Uswidi, alipata klorini. Mwaka 1785 Claude Louis Berthollet wa Ufaransa alionyesha kwamba klorini yaweza kung'arisha vitambaa. Na mwaka 1799 Charles Tennant wa Uskoti alipewa haki ya kisheria juu ya unga wa kung'arishia uliotengenezwa kwa klorini na chokaa. Kazi ya miezi ikawa kazi ya siku. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa, na wala siyadharau.

Walakini kila chenye nguvu hutaka mkono wenye akili. Klorini huondoa rangi ya doa, lakini haiondoi utando wa chokaa na sabuni. Kwa hiyo isingalimsaidia kijana yule. Ikitiwa nyingi au ikikaa sana hula uzi wa pamba, na nguo hupata matundu ambayo hakuna panya aliyeyatoboa. Fulana nyingi za sasa si pamba tupu, bali zimechanganywa na poliesta au nyuzi za kunyumbuka, na nyuzi hizo zikitiwa klorini huweza kuwa za manjano badala ya kuwa nyeupe. Doa la kutu nalo klorini hulizidisha. Soma kibandiko kilichoshonwa ndani ya shingo kabla ya kuifungua chupa. Na zaidi ya yote, usichanganye kamwe dawa ya klorini na ndimu, siki, wala dawa nyingine ya kusafishia. Mchanganyiko wa klorini na kitu kikali kama siki hutoa hewa ya sumu, na hewa hiyo ndiyo iliyotumiwa kuua askari vitani nchini Ubelgiji mwaka 1915. Hakuna fulana yenye thamani ya mapafu yako.

Kuna wasaidizi wapole zaidi, na wa kwanza ni jua. Jua la nchi yetu halina bei. Nguo ya pamba iliyosuuzwa vizuri na kuanikwa juani hupata weupe kwa miale ya jua, na wadudu wengi wa maradhi hufa humo. Lakini nasema iliyosuuzwa vizuri, kwa maana sabuni iliyobaki katika nguo hugeuka manjano. Suuza mpaka maji yatoke kama yalivyoingia.

Msaidizi wa pili ni bluu, ambayo watu wazima wengi wanaikumbuka ikitiwa tone tone katika maji ya kusuuzia. Rangi ya buluu ya namna hiyo zamani ilisagwa kutoka jiwe la thamani lililochimbwa Afghanistan, na wachoraji waliinunua kwa bei kubwa. Katika miaka ya 1820 ilipatikana njia ya kuitengeneza viwandani huko Ufaransa, bei yake ikashuka, na mwisho ikafika katika beseni la dobi. Kazi yake ni ya ajabu. Bluu haiondoi uchafu hata chembe. Huongeza buluu kidogo juu ya manjano kidogo, na jicho likiona rangi hizo mbili pamoja husema, "Hii ni nyeupe." Sabuni nyingi za unga hufanya hila iliyo karibu na hiyo: zina dawa ambayo hupokea miale ya jua isiyoonekana na kuirudisha kama mwanga wa buluu. Hila hizi si haramu, bali ni mapambo ya usafi wala si badala yake. Aliyefua vizuri akatia bluu amepamba. Aliyetia bluu juu ya uchafu amedanganya, na bluu ikizidi, shati lake litakuwa na mawingu.

Hapa nguo yatupeleka kwa mvaaji wake. Katika Roma ya kale, mtu aliyetaka kuchaguliwa katika cheo alivaa joho lililong'arishwa kwa chaki, akapita sokoni akiwashika watu mikono. Kutokana na weupe wa joho hilo, Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya zilipata neno la kumwita mgombea. Pamoja na weupe wote huo, Warumi walilazimika kutunga sheria mara kwa mara za kuzuia hongo katika uchaguzi. Chaki ilifika katika joho. Katika moyo haikufika. Wahenga wetu walilijua jambo hili waliposema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Tunapomwona mtu amevaa meupe tumeona nguo yake, na labda tumeona pia bomba la maji lililomo nyumbani kwake, mashine yake ya kufulia, na mtu aliyemwajiri kumfulia. Tabia yake bado hatujaiona.

Sisemi haya ili kumpa mtu udhuru wa kuvaa uchafu. Kijana awezaye kufua na asifue hujivunjia heshima mwenyewe, tena huwasumbua wenziwe kwa harufu. Kufua nguo yako kwa mikono yako ni masomo yasiyo na mtihani: hufundisha kuwahi, hufundisha subira, na hufundisha kutofautisha kitu na kitu. Nguo nyeupe na zifuliwe peke yake, mbali na za rangi. Doa na litazamwe kabla ya kufuliwa, lijulikane ni la mafuta, la damu au la kutu. Maji yajulikane yatoka wapi. Nguvu iwe ya mwisho, baada ya akili kushindwa. Na mara nyingi akili haishindwi.

Basi, msomaji wangu, lifue shati lako mapema kabla doa halijazeeka, na ulifue kwa upole kabla uzi haujachoka. Siku moja huenda ukawa mwalimu wa zamu, au kiranja, au mkubwa wa ofisi, ukapita mbele ya mstari wa watu ukiwatazama mavazi. Ukimkuta mmoja ambaye shati lake ni la kijivu, usimuulize kwanza kwa nini ni mvivu. Muulize anachota maji wapi.